Nimeingia Mahali Pako

Dada Zuwena,

Leo wamekuja kuposa. Si wageni. Ni mumeo, pamoja na ami yake, wamekaa kwenye majlisi yetu hapa Ibra, wakanywa kahawa, wakaniposa mimi.

Mama alianza kuniandaa tangu ulipotimia mwaka wako kaburini. Hakunilazimisha, usimlaumu. Alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, watoto walelewe na mgeni na wewe upo? Wallahi sitapata usingizi." Umri nao unakwenda, sijaolewa, na mji mzima unajua.

Nimeikumbuka besiboli yako. Ulirudi nayo kutoka Marekani ulikokwenda kusoma, ukatukera nayo nyumba nzima. Baada ya sala ya alfajiri unawasha televisheni, mimi nasinzia na chai yangu, wewe unaeleza. Nilishika neno moja tu, pinchi hita. Ni mchezaji aliyekaa benchi muda wote, halafu kocha anamwita akapige mahali pa mwenzake. Anaingia baridi, hana hata jasho, watu wote wanamtazama yeye. Na yule aliyempisha harudi tena mchezoni. Nikakubishia kwamba mpira wa miguu nao ni hivyo hivyo. Ukacheka, ukasema wa mpira wa miguu hupata hata kukimbia kidogo kwanza. Huyu anarushiwa mpira papo hapo.

Tangu hapo ukanifanya pinchi hita wako wa kila kitu. Mimba ilipokulemea, nilikwenda mimi kuhani msiba huko Sinaw. Mkutano wa wazazi shuleni, mimi. "Nenda mdogo wangu, mara moja tu," ulikuwa ukinibembeleza. Nami nilikwenda, maana nikirudi utaniuliza nani alikuwapo na nani alinuna.

Sasa nani ataniuliza? Nyumba yako ya Sur ni ile ile. Abaya zako bado zimetundikwa, mumeo hataki ziguswe. Hanitazami usoni, dada. Akisema nami anatazama zulia. Anakutaka wewe, na mimi nina sauti yako. Nami nikimwangalia namwona shemeji tu, yule niliyemzuia mlangoni siku ya harusi yenu mpaka akatoa pesa.

Watoto wamefurahi, na hilo ndilo linaloniumiza. Rayan wako ameniuliza kama nikihamia kwao na wewe utarudi. Nikamwambia hapana. Hakulia. Akaniomba mkate wa maji, nikampikia.

Nimekubali. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka nikakubali. Sioni raha yoyote mbele yangu, sitaki kukudanganya.

Kwaheri dada yangu, Mungu akulaze pema. Watoto wako nitawalea, hilo nakuahidi, na jina lako watalisikia kila siku. Baba yao nitampikia na kumfulia. Zaidi ya hapo sina cha kukuahidi.

Mdogo wako,
Thuraya