Mwaka Niliojua Habari za Mama

Mdogo wangu mpendwa Feza,

Kabla ya salamu nikuambie nililokuficha, maana nikianza na salamu nitapata njia ya kulikwepa tena. Mama alipofariki, mwaka ule wa uasi, nilijua. Ninyi mlikaa karibu mwaka mzima ndipo mkaniambia, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kujua.

Sasa nakusalimu. Hujambo? Magoti yanasemaje? Bado unateremka mwenyewe hadi bandarini Kalundu kuchagua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, au umekubali wajukuu wateremke kwa niaba yako? Mimi moyo umechoka. Daktari haongei tena habari za kupona, anaongea habari za kupumzika, nami nimemwelewa. Mwandiko wangu umeharibika, utanivumilia.

Kila tunapozungumza kwa simu unarudia neno lile lile: "Kaka, nilikudanganya, unisamehe." Hata nilipokuja, tukaenda kaburini kule Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi, ulipiga magoti mbele yangu badala ya mbele ya Mama. Nikakuinua, nikasema yamepita. Nilipaswa kusema zaidi ya hapo.

Unakumbuka nilivyoondoka baada ya uhuru, kila mtu Uvira akidhani nitarudi waziri. Nikamaliza lisansi, ile shahada ya kwanza, nikaanza doktora ya kemia hapa Liège, Ubelgiji, na hapo ndipo nilipobaki peke yangu hasa. Darasani mnakuwa wengi. Doktora ni mtu na meza yake. Niliingia maabara asubuhi, nikatoka giza limeingia, nikala mkate nimesimama. Jumapili ilikuwa mbaya kuliko siku zote, kwa sababu maabara ilifungwa. Nilikaa chumbani nikisikiliza watu wa chini wakila na kucheka. Sisi tuliokua tukichovya mkono katika sahani moja, kula peke yangu nyuma ya mlango niliona kama wizi.

Watu wa chini walikuwa Waitaliano, Salvatore mchimba makaa na mkewe Concetta. Siku moja nilikaanga ndagala wakavu ulionitumia kwa mkono wa padri. Harufu ikajaa ngazi, mwenye nyumba akapanda akipiga kelele kwamba kuna kitu kimeoza. Concetta akatoka, akanusa, akamwambia, "Kilichooza ni pua yako. Huyu anapika samaki." Akachukua mmoja kwenye sufuria yangu bila kuomba, akamtafuna na kichwa chake. Tangu hapo Jumapili nilikula kwao. Alinipokonya vitabu mlangoni, akaviweka juu ya kabati la vyombo. "Mezani kwangu hakuna profesa," alisema. Ajabu ni kwamba kila nilipoacha vitabu siku hiyo moja, Jumatatu kazi ilikwenda vizuri zaidi.

Wakati huo uasi ulikuwa umefika Uvira. Sisi Wakongo wachache wa mji huu tukagawanyika, hawa na waasi, hawa na serikali, tukipishana barabarani kama hatujuani. Nilijua mmekimbilia Burundi, kwa kuwa barua zako zilikuja na stempu za kule. Mama hakujua kuandika, kwa hiyo wewe ulimwandikia kama siku zote: "Mama anasema uvae nguo nzito. Mama anauliza kama unakula."

Kisha akaja kusoma Athumani, mtoto wa yule mwuza vitambaa wa mtaa wa Waislamu. Alikuwa ametokea Bujumbura. Nilikwenda kumpokea stesheni, na kabla hajatua sanduku vizuri alinikumbatia.

"Pole ya mama, ndugu yangu. Minye nilikuwa mu mazishi. Watu walikuja wengi, usifikiri alizikwa sawa muntu hana kwao."

Nikajitoa mikononi mwake, nikamtazama usoni. Akaelewa.

"Weye haukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Mungu wangu, minye nimefanya nini!" Akakaa juu ya sanduku lake, akafunika uso kwa mikono.

Alinieleza yote: safari ya miguu, homa, na jinsi Baba mdogo alivyowakataza kuniandikia. "Mumuache asome. Akianguka kule, nani atamushika?" Hiyo ni desturi yetu, Feza, na hakuna aliyekosea. Mwanafunzi aliye mbali haambiwi kifo mpaka awe na watu wa kumshika. Lakini mzigo alitwikwa msichana ambaye ndiyo kwanza ametoka kumzika mama yake, akaambiwa akae chini aandike kwamba Mama hajambo.

Nami nilishikwa. Athumani alikwenda kugonga milango ya Wakongo wote, wa upande huu na wa upande ule. "Siasa yenu muiache inje," aliwaambia. "Kuna kilio." Wakaja. Chumba changu kilikuwa kidogo, kwa hiyo Concetta akatupa jiko lake. Athumani akatoa viti, akatandika mablanketi sakafuni, kwa maana kilioni hatulali kitandani. Akafunua sufuria.

"Mama, hii nyama iko ya nini?"

Nikamtafsiria Concetta. "Mwambie ni ya watu wasiouliza," akajibu, lakini akamkaangia mayai.

Asubuhi Salvatore alirudi kutoka shimoni, vumbi la makaa limemfanya mweusi kutushinda sisi, akakuta wanaume wamejaza sakafu ya jiko lake.

"Nani amekufa?"

"Mama yake huyu wa juu," mkewe akamwambia.

Akavua buti, akajilaza kati yetu bila hata kunawa.

Baada ya matanga watu wale hawakuachana. Jumapili tulikula pamoja, wao wakigombania siasa midomo imejaa, na nilimaliza doktora nikiwa na watu. Hata hivyo usidhani upweke uliisha. Nilikuwa nikipanda ngazi kutoka kwenye kelele zile, nafunga mlango, nachukua barua yako.

Athumani alinisuta mara nyingi. "Umuandikie dada yako, umuambie unajua. Unamuacha abebe uongo yeye moja!" Nilimwambia nitaandika. Nikikaa mezani niliandika: "Nisalimie Mama. Mwambie ninakula vizuri." Nawe ukajibu: "Mama amefurahi sana."

Hatimaye ukaniandikia ukweli, nami sikukujibu kwa muda mrefu. Ukadhani nimekukasirikia, na umezeeka na dhana hiyo.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, mwambie aache kubishana na redio. Nisalimie Riziki, binti yako mwalimu, na binamu yetu Mateso anayelima mpunga Bwegera. Mjane wa Baba mdogo mshike mkono kwa niaba yangu, umwambie mumewe alifanya lililompasa.

Na wewe, Feza, usiombe msamaha tena. Sikukukasirikia hata siku moja. Athumani alikufa bila kujua sababu ya ukimya wangu, kwa kuwa niliona aibu kumwambia mtu. Barua yako ya ukweli niliisoma, nikairudisha katika bahasha, nikaanza kungoja nyingine yenye "Mama anasema". Nilitaka uendelee kunidanganya.

Kaka yako,
Anselmi