Kahawa ya Chumvi

Jumanne, 5 Machi 1996
Kituruki tena baada ya chakula. Mume wangu Ramadhani mzito wa kuelewa jamani. Nimemwambia: gelmek ni kuja. Kata k ya mwisho, inabaki gelme, kitenzi kimeshakuwa jina. Sasa libandike mwisho unaotaka. Gelmeye, ukielekea huko kuja. Gelmeyi, ukipenda au ukitaka huko kuja. Sisi kuja ni kuja tu, ndiyo maana anapotea. Anasema bosi wake Mturuki, wa kiwanda cha mikate, anataka wajue lugha. Kitabu nakisoma mimi kwenye metro, nikitoka kusafisha ofisi za Ulaya kule Schuman, jioni namfundisha.

Jumamosi, 9 Machi
Leo ametaka istemek, kuomba. İstemeye geldim: nimekuja kuomba. Kuomba nini? Likizo, akasema. Alipoipata bila kukosea nilimpigia makofi. Kisha akavaa suti ya Idi akatoka. Mkutano wa kazi, eti. Ananukia.

Jumatano, 13 Machi
Hatice, Mturuki anayeniuzia mboga, amenikumbatia dukani. Hongera! Eti kaka yangu amemposa Elif, mpwa wake yeye Hatice. Kaka gani? Ramadhani! Jumamosi walimpa kahawa yenye chumvi. Ndiyo desturi yao: binti anamtilia mposaji chumvi, wamwone kama atakunja uso. Aliinywa yote. Halafu akawaambia wazee istemeye geldim, Kituruki safi, wakafurahi.

Kumbe kawaambia mimi ni dada yake! Mimi aliyenioa kwetu Buyenzi mbele ya baba yangu. Na maneno nimemlisha mwenyewe, kwa mkono wangu. Mshenzi. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeenda kwa kina Elif peke yangu. Nimewaambia kwa lugha yao kwamba mimi ni mke wake. Miisho yote ilikaa sawa. Mama mtu alikaa chini kwa kishindo. Baba mtu alinifungulia mlango kwa heshima.

Ramadhani amerudi amevimba kwa hasira. “Mais enfin, jamani, si ungeniuliza mimi kwanza?” Nimecheka mpaka nikakohoa. Nimemwonyesha mlango.

Jumapili, 17 Machi
Mvua. Ramadhani yuko Saint-Josse kwa binamu yake.

Elif amekuja asubuhi. Mdogo kuliko nilivyodhani. Aliniomba radhi kwa Kifaransa, nikamkaribisha kwa Kituruki. Tumekunywa chai. Ramadhani hatukumtaja. Sina hasira na Elif hata kidogo.

Bado nampenda yule mwanaume, na inaniudhi.

Jioni kengele ya mlango wa chini imelia. Namna yake ya kubonyeza naijua. Sikufungua. Alibonyeza tena, halafu nikasikia viatu vyake vikienda upande wa tramu.