Picha ya Brigitte kwenye Tovuti ya Saluni

Mpendwa Mama Biubwa,

Naomba unisaidie kuchagua templeti ya tovuti, yaani ule muundo uliokwisha kutengenezwa ambao unajaza tu maneno na picha zako, maana ile ya kwanza imeniletea balaa na sasa naogopa hata kushika simu. Mimi ni msusi huku ugenini, Jules Street, Malvern, nimefungua saluni yangu mwaka huu baada ya miaka sita ya kusuka kwenye saluni za watu, na kazi ninayoijua zaidi ni kuwashonea wigi wanawake walionyonyoka nywele, ambao huja kimya kimya nikawakalisha nyuma ya pazia asiwaone mtu. Mteja wangu mmoja Mkenya, yuko benki kule Sandton, upande wa wenye pesa, akaniambia wenzake wanatafuta huduma kama yangu mtandaoni na hawanipati, basi nikachagua templeti ya bure, nzuri kweli, juu kabisa ina visanduku viwili, kabla na baada, na usipoweka picha vinabaki vya kijivu kama duka lililofungwa.

Nikaweka picha za Brigitte. Ni rafiki yangu wa kwaya, nywele zilimtoka utosini baada ya homa ya matumbo, na picha nilimpiga mimi ili ajionee utosi wake unaendeleaje. Nilimziba macho kwa ukanda mweusi, Mama, naapa nilimziba, lakini kwenye picha ya pili alikuwa amevaa blauzi ya kitenge cha kwaya yetu, na mimi sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa natazama wigi.

Kanisani wakamjua siku hiyo hiyo. Dada wa mchumba wake akaipeleka picha kwao, wazee wakasema nywele hazitoki bure, huyu binti ana ugonjwa anauficha, na kikao cha mahari kilichopangwa Jumamosi kikaahirishwa bila tarehe. Brigitte alinipigia mara moja tu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Batu bote banaona kichwa yangu. Juu ya nini ulinitia mule?" Nikamwambia ni templeti ndiyo iliyotaka picha. Akakata simu, na tangu hapo hapokei, na kwaya haji.

Picha nimeikata, uso hauonekani tena, kimebaki kichwa tu; sikuiondoa kabisa, kwa sababu wiki mbili hizi nimepata wateja wapya kumi na mmoja. Je, niendelee na templeti hii au nichukue nyingine niliyoiona, yenye bei na ramani tu? Na niwaambie wale wazee kwamba picha niliiokota mtandaoni, si ya Brigitte, ili mahari iendelee?

Msusi, Malvern

*

Bibi wee! Umeniandikia barua ndefu ya templeti, na templeti ndilo jambo dogo kuliko yote humu ndani.

Brigitte si jina lake. Nimempa mimi, kwa sababu wewe uliniandikia jina lake kamili, la babake, na barabara anayokaa, katika barua unayojua inakwenda gazetini. Lako pia nimelificha, na mengine nimeyageuza, maana anayekujua wewe atamjua yeye. Bado una mkono mwepesi na mambo ya mwenzako, na hilo limenisikitisha kuliko picha yenyewe.

Sasa weka gazeti chini, ukaifute picha hiyo. Yote. Alichokuwa anakificha ni kichwa, wewe umekata uso ukakiacha kichwa! Futa na zilizo kwenye simu yako, za kila mteja. Halafu rudi usome.

Umerudi? Najua kodi ya chumba haingoji, na kuanza biashara ugenini peke yako ni kazi ngumu, nakuonea huruma. Chukua hiyo ya bei na ramani, uongeze saa za kazi, na useme mteja anahudumiwa faraghani. Wanawake wa Sandton wanatafuta mtu wa kuwasitiri. Ukitaka picha, kivishe wigi lako kichwa cha plastiki.

Kwa wazee usiende, na uongo usiwaambie. Kichwa ni chake, na la kusema juu yake ni lake. Huenda anataka kumweleza mchumba mwenyewe, huenda hamtaki tena. Hujui, kwa sababu hukumuuliza. Nenda kwake Jumapili, bila mchungaji, bila wigi la bure mkononi. Muombe radhi, kisha muulize anataka ufanye nini, ulifanye, hata akisema usimame mbele ya kwaya nzima ueleze ulichomtendea. Akikataa kukuona, rudi nyumbani na usimsumbue. Huenda urafiki huo umekwisha, na mimi sina dawa ya hilo.

Lakini akikufungulia, atakuuliza tena kwa nini ulimtia mule. Usitaje templeti. Mwambie ulitaka wateja, na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Mama Biubwa