Karatasi Zisizo na Bismillahi

Jumatatu, 15 Novemba 1886

Darasa limefunguliwa leo, barazani kwangu hapa Bagamoyo. Vijana tisa! Wote wanataka ukarani kwa Waingereza wa misafara, na wote wanaandika Kiingereza kama tunavyoandikiana sisi: salamu, dua, uhali gani, watoto hawajambo, mbuzi hawajambo — haja yenyewe imebanwa chini kabisa, ukingoni. Nimekaa Unguja kwa Mwingereza miaka, nikimpangia barua zake. Nimemwona akizitupa za namna hiyo hajafika katikati.

Basi nimepanga hivi. Somo la kwanza: haja. Somo la pili: sababu. Salamu ndefu baadaye, wakishazoea.

Sadallah kacheka, kasema nawafundisha watoto wa watu utovu wa adabu. Nikamwambia ndiyo adabu ya wenyewe. Ndugu yangu huyu! Tulichanjiana undugu, tukala ini lenye damu zetu, tukaapa: atakayemchongea mwenziwe, damu hii imuue. Yeye anasimamia hati, uzuri wa mwandiko; mimi masomo.

Alhamisi, 18 Novemba

Sadallah kaleta neno la maana. Karatasi za mazoezi zikijaa huenda kwa Mhindi wa dukani, naye anafungia bizari na samli. Sasa juu yake vijana wameandika Bismillahi! Jina la Mungu lipakwe samli, litupwe jalalani, watu walikanyage? La haula! Mimi sikuwa nimefikiri kabisa.

Tumekubaliana: Bismillahi isomwe kwa sauti, wote, ndipo kalamu ishikwe. Kwenye karatasi za mazoezi isiandikwe. Nimemshukuru sana. Dija mke wangu kamtilia kahawa ya pili.

Jumamosi, 4 Disemba

Mwingereza mmoja mwenye ghala la pembe kasikia habari zetu. Anataka mwalimu wa kuwafundisha makarani wake wote kuandika. Mmoja, si wawili. Vijana wamenitaja mimi.

Nikamwambia Sadallah: nitaingia mimi, lakini riziki ni yetu sote. Kasema, "Inshallah," akaondoka bila kunywa kahawa. Nimedhani ana homa.

Ijumaa, 10 Disemba



Baada ya sala Sadallah kasimama msikitini. Akalia, machozi kabisa! Eti amevumilia mengi, lakini dini haina udugu: Ausi amelitoa jina la Mungu kwenye maandishi ya watoto wa Kiislamu, anawavuta kwa Wazungu polepole. Waulizeni wenyewe.

Wakaulizwa. Waseme nini? Kweli Bismillahi haiandikwi; aliyelitoa shauri hawamjui.

Nikapiga kelele: wewe ndiye uliyenishauri! Kanitazama kwa huruma — kwa huruma, mwanaharamu yule — akasema, "Ausi, usiongeze uongo juu ya kufuru." Watu wakaguna.

Alasiri baba mkwe, Mzee Mwinyijuma, kafika kutoka Mlingotini. Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Kasema mwanawe hakai na mtu aliyeritadi, ndoa hiyo haipo tena, mpaka kadhi aseme vingine Ijumaa ijayo. Dija kanishika mkono mlangoni, baba yake akamwita. Kaenda na leso zake tu. Sufuria ya wali imebaki jikoni, imeungua.

Jumapili, 12 Disemba

Fadhila ya punda ni mashuzi.

Vijana wote wako barazani kwa Sadallah. Nimepita leo, nimewasikia kwa masikio yangu: haja kwanza, sababu ya pili. Masomo yangu yale yale! Mpangilio wangu! Alichoongeza ni Bismillahi tu, anaiandika juu ya kila karatasi kwa mkono wake, watu wapitao waone. Na kesho kutwa anaingia kwa yule Mwingereza.

Sijala. Nyumba hii bila Dija haikaliki.

Jumatano, 15 Disemba

Jirani yangu Bi Sikuzani kaniletea bizari. Yeye peke yake bado anapiga hodi kwangu. Nikafungua kifurushi — hati ya Sadallah! Bismillahi nzima, nzuri, imelowa samli, imekunjwa kama gamba la muwa. Chini yake Kiingereza cha vijana wangu.

Nimelia. Kisha, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Nikampa Bi Sikuzani kisa chote. Kasema, "Mpelekee kadhi, mwanangu, unangoja nini? Mkeo atarudi Ijumaa." Kweli. Kadhi akiiona ataelewa kwa nini tuliiacha, na nani kalidhalilisha jina la Mungu. Dija atarudi. Sadallah ataaibika mji mzima.

Lakini nimeapa. Nimelila ini lile. Yeye kavunja kwanza, najua! Hata hivyo sikuapa kwamba nitavunja baada yake. Tangu adhuhuri nimeshika karatasi hii, vidole vyote vinanuka bizari. Nataka mke wangu.

"Hodi!"

Sauti yake. "Hodi humu, ndugu yangu!" Ndugu yangu! Na mdomo huu mpumbavu, kwa mazoea tu, umeshasema karibu.

Kaingia, kavua viatu. Mhindi lazima amemwambia karatasi yake imefungia bizari ya Bi Sikuzani. Nimeikalia karatasi. Kaketi kwenye mkeka, pale pale pa Dija. Hakuniuliza hali. Hakutaja homa, wala mvua, wala wazee. Kasema, "Nipe ile karatasi, Ausi."

Haja kwanza. Nilimfundisha vizuri.

Nimemwuliza sababu. Sababu ya hii, na ya msikitini. Kanyosha mkono tu. Mimi naandika, nisije nikamtazama usoni, na yeye bado kaunyosha, na mlangoni Bi Sikuzani anauliza je, amwite Mzee Mwinyijuma aje aione karatasi —