Kofia Iliyoshuka Bila Picha

Jumapili, mwezi wa nane. Manyunyu tangu asubuhi. Mlima umejifunika, na leo nashukuru, maana sina uso wa kuutazama.

Wageni wangu waliondoka jana. Kumi na wanne, walipanda kuchangisha fedha za vyoo vya shule huku kwetu. Simu imejaa shukrani na picha: mimi kiongozi wao, nimeshika ncha ya bango, meno yote nje. Chumba kimya. Nimepika ndizi za watu wawili kwa mazoea, zikanishinda.

Aminieli, kiongozi mwenzangu, hajaja. Jumapili tusipokuwa mlimani tunakula pamoja, tangu tukiwa wapagazi. Simu zangu hapokei.

Acha niandike nilichofanya.

Kileleni kulikuwa na foleni ya kupiga picha kwenye kibao. Utaratibu wetu waongoza wageni unajulikana: aliyetangulia kufika anatangulia, picha mbili tatu, anapisha. Mbele yetu alikuwa Aminieli na mgeni mmoja tu, mama mtu mzima aliyekumbatia kofia kuukuu ya sufu. Mimi nikaona wangu wanatetemeka, na mmoja anataka kurekodi video ya wafadhili.

"Shikamoo mama," nikamwambia. "Tupishe kidogo, hawa wamepanda kwa ajili ya watoto wetu."

"Marahaba. Kama ni watoto, piteni tu, baba."

Aminieli aliniangalia, akamsogeza mama pembeni.

Hiyo "kidogo" ikawa picha ya bango, kisha ya mmoja mmoja, kisha video ikarudiwa kwa sababu upepo ulimeza maneno. Nilipogeuka, mama hayupo. Alikuwa ameanza kuyumba kwa baridi, Aminieli akamshusha.

Tuliposhuka, langoni ndipo Aminieli aliponieleza. Ni Mama Ndeshi, anaishi Kwa Sadala. Kofia ni ya marehemu mumewe, mpagazi aliyebeba mizigo ya wageni miaka mingi hadi kambi ya mwisho, kileleni hakuwahi kufika. Mama alitaka kofia ifike, ipigwe picha pale. Alipomaliza kunieleza hayo, Aminieli alinigeuzia mgongo.

Vyoo vitajengwa, na nafurahi, sitaki kujidanganya. Lakini kule juu hakuna baridi ya wenye bango na baridi ya wengine. Naona aibu. Na katika miaka tisa ya kukaa Moshi sijawahi kuwa mpweke hivi.

Mchana nilikwenda kwenye ua wa mwenye nyumba, nikachuma jani la isale. Kwetu Wachagga, ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, anasamehe. Kulikataa ni mwiko. Nililiweka mezani nikapumua. Kesho nampelekea Mama Ndeshi, nikasema, yaishe.

Halafu nikakaa nalo.

Akiliona atanisamehe, hata kama moyo wake hautaki. Kule juu pia nilimtajia watoto kwa sababu nilijua hawezi kukataa.

Nimelirudisha uani, nikalilaza chini ya mmea wake. Asubuhi naenda Kwa Sadala mikono mitupu. Nitamwamkia, nitasema nilichofanya, kisha nitanyamaza.

Safari hii awe na nafasi ya kuniambia hapana.