Fimbo ya Stesheni

Kambi ya wakimbizi, Kalobeyei

Kaka Onésphore,

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia. Sisi wazima, ila mchicha wa mdogo wetu Spéciose umekaushwa na jua.

Uliponiambia reli ndogo ya kampuni ya pamba imeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu, Papa sikumwambia. Si unajua sheria yake tangu alipokuwa mkuu wa stesheni: dereva asipokabidhiwa fimbo, treni haiondoki. Tulipokimbia vita alikuja nayo, na hadi leo anaamini abiria wamekwama kwa sababu fimbo anayo yeye.

Jana alfajiri alipanda pikipiki ya kwenda Lokiriama, mpakani, fimbo kwapani. Hajulikani aliko.

Akifika huko kwetu, tafadhali, usimpeleke stesheni. Ipokee fimbo kwa mikono miwili, umwambie abiria wote walishafika.

Dada yako anayehangaika,
Daniella