Kanda za Cicily na Katoni ya Kwaya

Githongo,
9 Machi 2025

Kwako mwanangu Kendi,

Pokea salamu za mamako. Natumaini wewe, Muchangi na watoto mu wazima huko Karurumo. Huku mvua imenyesha, kahawa imechanua, nami ni mzima isipokuwa hili koo.

Usishangae kupata barua kama za zamani. Simu haina kazi tena kwangu. Daktari ameniambia wazi kwamba uvimbe ulikuwa umeshaharibu sauti kabla hawajautoa, na haitarudi. Nikisema "karibu" mgeni anasikia upepo tu. Na zile herufi ndogo za simu zinanichosha macho, kwa hivyo vumilia mwandiko wangu.

Sikuandika ili kulia. Nina miaka sitini na tisa, nimeimba vya kutosha. Lakini siku ya kutoka hospitali nesi mmoja msichana alikuwa akinibadilishia bandeji huku akiimba chinichini "Chai Imepoa". Wimbo wangu, Kendi! Nilioutunga jikoni humu mwaka wa 1986 nikimngoja babako arudi na gitaa lake. Nikamwandikia kwenye karatasi: nani aliimba huo? Akasema, "Sijui, shosh. Ni wa kitambo, cucu wangu huuimba." Na ubeti wa pili alikuwa ameuharibu wote, yeye na huyo nyanyake.

Tangu siku hiyo nataka kitu kimoja tu: kujisikia nikiimba, hata mara moja, kabla sijasahau sauti yangu ilikuwaje. Unajua kanda zangu zilikwenda wapi. Nilipookoka mwaka wa 1998 nilizibeba mwenyewe kwa gunia hadi uwanja wa kanisa, zikamwagiwa mafuta ya taa zikachomwa, nikashuhudia kwamba nyimbo za soul na vilabu vya Meru mjini basi. Kuokoka sijutii. Gunia ndilo ninalolijutia. Hebu uliza huko Embu, labda kuna mtu amebaki na kanda moja.

Ni mimi mamako,
Cicily


Karurumo,
16 Machi 2025

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Pole sana na koo. Watoto wanakuombea kila jioni, na yule mdogo anamwambia Mungu akupe sauti yake yeye kwa sababu hapa nyumbani imetuzidi.

Usimuulize mtu yeyote Embu. Kanda zako zote, ishirini na tatu, ziko hapa kwangu ndani ya lile sanduku la chuma nililoenda nalo bweni.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Unakumbuka mwalimu Kithinji wa kwaya alikuwa ametuachia katoni ya kanda za kwaya zilizotoka kurekodiwa Nairobi, kwa vile nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya simiti na haina panya. Ijumaa kabla ya ule moto nilizitoa za kwaya nikazitia kwenye gunia lako, nikalifunga kama ulivyokuwa umelifunga. Zako nikazificha ghalani kwa nyanya. Kanisa lilichoma kanda zake lenyewe, Mama, na wanakwaya walikuwa wamesimama pale pale wakiimba haleluya.

Katoni niliijaza magunzi ya mahindi ili iwe na uzito, nikaifunga vizuri. Kithinji alipokuja kuichukua nilimsaidia kuinyanyua. Unajua ilivyokuwa siku ya uzinduzi, ilipofunguliwa mbele ya watu wote. Wakasema ameuza kanda akaweka magunzi. Nikanyamaza. Nilidhani maneno yataisha.

Ulipokuwa safarini na bendi, mimi nilibaki na kanda zako. Nilijua pumzi unazovuta kati ya mistari. Singeweza kukubali zichomwe.

Ninakutumia kanda ya kwanza pamoja na redio ya Muchangi ya kaseti. "Chai Imepoa" ni wimbo wa tatu.

Mwanao,
Kendi


Githongo,
25 Mei 2025

Kendi,

Natumaini mko salama. Mimi niko.

Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na mtu aliyeokoka hatukani kwa kalamu. Sasa nimepoa kidogo.

Unajua nani alisimama wa kwanza siku ile ya magunzi akasema Kithinji aondolewe kwenye kwaya? Ni mimi. Nilikuwa nimeokoka wiki mbili tu, moto bado uko juu. Nikasema hivi: tusilee mwizi madhabahuni. Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kusoma noti za solfa nikiwa msichana. Bila yeye hakungekuwa na Cicily wa bendi wala wa kanisa.

Wiki iliyopita nilienda kumtafuta Ruiri, alikohamia. Anafuga mbuzi. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Akaisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Mama Kendi, mimi sitaki kuambiwa pole hapa kwa boma yangu. Mimi niliitwa mwizi kwa kanisa, watu wakiwa wamejaa. Hiyo maneno irudishwe hapo hapo, na iletwe na yule aliifanya."

Alisema haki. Kanda yako iko juu ya kabati, sijaigusa. Sitaisikiliza kabla ya mtu huyo kusafishwa jina. Njoo Jumapili yoyote.

Mama


Karurumo,
8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini koo limepungua kuuma. Sisi hatujambo.

Nimejaribu kuja, Mama. Lakini mimi ni mwenyekiti wa akina mama hapa, Muchangi ni mzee wa kanisa, na shuleni mimi ndiye ninayeshughulikia nidhamu. Habari za Githongo zitafika Karurumo kabla yangu. Nitamwambia nini mtoto aliyeiba kalamu?

Nimewaza niandike barua, mchungaji aisome. Na nakuomba uisikilize kanda. Hiyo ni sauti yako, haina kosa lolote.

Mwanao,
Kendi


Githongo,
15 Juni 2025

Kendi mwanangu,

Salamu. Hapana, barua haitoshi. Wewe ndiye bado una sauti ya kusimama nayo.

Daktari ameona kitu kingine. Nitarudi kukatwa tarehe nne Agosti. Sikutishi, nakuarifu tu. Kanda bado iko juu ya kabati, na nikipangusa vumbi nageuza uso.

Mamako


Githongo,
19 Julai 2025

Mwanangu Kendi,

Salamu nyingi kwako, kwa Muchangi na kwa wajukuu wangu. Jumapili ulitoka kanisani kama anayefukuzwa, hata chai hukunywa, kwa hivyo nakuandikia yaliyobaki.

Ulikiri vizuri. Hukuficha hata gunzi moja. Nami nikaenda mbele na karatasi yangu, mchungaji akaisoma, kwamba ni mimi niliyemwita mwizi. Mwinjilisti alitaka tuimbe pambio haraka haraka yaishe, lakini wazee wakakataa, wakasimama mmoja mmoja kumpa Kithinji mkono. Mama mmoja alicheka mpaka akashika kiti aliposikia ni kwaya iliyochomwa. Kithinji hakucheka.

Alhamisi akaja hapa nyumbani peke yake. Nikashusha kanda. Tukasikiliza upande mzima, wazee wawili na redio. Kendi, nilikuwa mwimbaji! Nilikuwa nimeanza kufikiri labda nilijisifu tu miaka hii yote. Nililia, na sikuona haya.

"Chai Imepoa" ilipoisha Kithinji akasema, "Ubeti wa pili ulipanda mapema." Ni kweli, nilipanda mapema. Akaomba daftari, akaniambia turudie pole pole, akaanza kuandika solfa ili wimbo ubaki hata kanda ikikatika. Ameshamaliza nyimbo nne. Lete zile nyingine ukija Agosti.

Alipokuwa akifunga daftari akaniambia kwamba mkewe, Ruguru, alizikwa mwaka wa 2011. Siku zake za mwisho Ruguru alimshika mkono akamwambia amemsamehe zile kanda alizouza. Kithinji alikuwa amechoka kukana, akamwambia asante.

Nikampikia chai, akanywa, akaenda.

Ni mimi mamako,
Cicily